Wino wa Sura ya Baba

Kwetu Kolwezi makaratasi hayachapwi. Yanatoshwa. Mtu akifika kwenye duka la fotokopi anasema, "Nitoshee hii," maana yake karatasi itoke kwenye mashine. Picha inatoshwa, jino linatoshwa, pesa inatoshwa mfukoni, kitabu nacho kinatoshwa, yaani kinatolewa ili watu wakisome. Nilipokwenda Lubumbashi kukaa na wenzangu wanaoandika, wale waliosoma Kiswahili cha vitabuni walinicheka. Kwao kitu kikitosha kimefika kiasi chake, hakuna haja ya kuongeza. Nilicheka pamoja nao, nikarudi nyumbani na neno langu vilevile.

Nilirudi na riwaya pia. Ilikuwa imekwisha, au karibu. Jumba moja la kuchapisha vitabu lilikuwa linaisubiri, na mimi nilikuwa nimejiapia kwamba haitaondoka mikononi mwangu kabla mama hajajua kilichomo. Kulikuwa na sura moja iliyomhusu. Nilibadilisha jina la mji, nikabadilisha rangi ya lori, nikampa dereva masharubu ambayo baba hakuwa nayo. Cherehani nilishindwa kuibadilisha.

Mama alikuwa mshonaji. Baba alikuwa msafirishaji, mmoja wa watoto wa zile familia za Kiislamu zilizotoka mashariki na kufuata njia ya biashara mpaka huku kwenye shaba. Lori lake lilikwenda Dilolo, kwenye mpaka wa Angola, likirudi na chumvi, samaki wakavu na vitambaa. Kule Dilolo akaoa mke wa pili. Hilo mama hakulipinga, dini inaruhusu. Ijumaa moja baada ya swala, baba alirudi nyumbani, akaingia chumbani ambako mama alikuwa anashona gauni la bibi arusi, akakata uzi, akabeba cherehani mpaka kwenye lori. Mke wa Dilolo naye alikuwa anajua kushona. Mama alimpakulia baba chakula kwa sababu alikuwa msafiri. Majirani walipouliza, alisema mashine imekwenda kwa fundi kutengenezwa. Gauni lile alilimalizia kwa mkono.

Alinisimulia hayo mara moja tu, nilipokuwa tayari mtu mzima, na hakuyarudia tena. Baba alikuwa amekwisha kufa. Watu walikuja msibani wakala bukari yetu, ugali wa huku, wakasema alikuwa mtu wa watu.

Nilipomwambia mama kwamba riwaya imekwisha, na kwamba sura ile imo, alikuwa amenipa mgongo, anachambua sombe, majani ya muhogo. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga. Daktari alisema kilichokwisha kupotea hakitarudi. Kilichobaki kilikuwa kama tundu dogo la kuchungulia ulimwengu. Mikono yake ilisimama juu ya majani.

"Ile sura ya baba yako," alisema. "Unitoshee, mbele ya kitabu kuenda."

"Ndiyo, mama. Nitatosha."

"Usikawie. Na mutu mwingine asiione."

Nilitoka nje nikiwa na furaha ya kijinga. Mama anataka kusoma! Herufi kubwa, nyeusi kweli, karibu na dirisha, alikuwa bado anaweza kuziona. Mwanga wa simu ulimuumiza macho, na kumsomea kwa mdomo wangu mambo ya ndoa yake kungekuwa kumvunjia heshima. Duka la fotokopi nalo halikufaa. Anayetosha karatasi pale huisoma ikiwa bado ina moto wa mashine, na wanaosubiri zamu wanasoma juu ya bega lake. Lakini nyumbani nilikuwa na mashine yangu, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa karani wa ofisi moja ya migodi iliyofungwa. Ilikuwa nzima. Haikuwa na wino.

Nilianza kwa duka la vioo katikati ya mji, lile lenye hewa ya baridi, ambako wafanyakazi wa kampuni za migodi ya Mashamba huingia na vumbi la mgodi kwenye viatu na hakuna anayewafokea. Kijana wa pale alinitolea kartushi ya asili, ndogo kuliko kipande cha sabuni, akataja bei. Nilidhani amekosea. Akarudia polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa. Kidogo tu ingefikia bei niliyolipia mashine nzima.

"Na hii inatosha makaratasi ngapi?"

"Inategemea, mama. Kama unaandika kidogo, inakawia."

Inakawia ukiandika kidogo. Kwa mtu anayeandika riwaya, yale yalikuwa matusi, na hakujua ameyatoa. Na mimi nilitaka herufi kubwa kama punje za maharagwe. Nilirudisha kile kisanduku juu ya kioo, nikatoka kwenye jua.

Nyumbani mama alisikia neno kartushi, ambalo kwetu ni risasi pia, nikizungumza kwa simu na akaja mlangoni akishika ukuta.

"Kartushi? Mu nyumba yangu?"

"Ya mashini, mama. Mule ndani munakaa wino."

"Wakati wa vita tulikuwa tunaziokota mu barabara, siye batoto. Tunapuliza kama filimbi. Mama yangu alinichapa juu ya ile." Aliegemea mlango. "Na wino ni ya nini?"

"Ni ya kutosha ile sura, mama."

"Kutosha nayo inaomba wino?"

Nilicheka. Nilimweleza kwa upole, kwa ule upole mbaya wa watoto waliosoma, kwamba bila wino mashine haiwezi kutosha kitu. Mama alitikisa kichwa.

"Bitu ya basomi," alisema, akarudi jikoni.

Sokoni nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye kofia nyeupe. Meza yake ilikuwa na chaja, rimoti, nyaya na redio zilizofunguliwa matumbo. Jirani yake aliuza betri.

"Salam aleikum, tata," nilisema, kama tunavyomwita kila mzee.

"Aleikum salam. Unatafuta nini, mwanangu?"

"Kartushi nyeusi. Ya bei ya chini."

Yule mzee aligeuka kwa jirani yake. "Unasikia? Mwanamuke anaomba kartushi. Bwana yake akimbie leo!"

"Muulize kwanza alimukuta na nani," alisema wa betri.

"Ya mashini, tata. Ya makaratasi."

"Aa! Basi bwana apone. Orijinale ao kompatible?"

"Tofauti ni nini?"

Akajiweka sawa kwenye kiti. Ilionekana alikuwa na jibu hilo siku nyingi na alipenda kulitoa. "Orijinale njo bibi ya ndoa. Makaratasi yake iko sawa, na bei yake unaijua. Kompatible njo deziemu biro. Kazi ni ileile, ni makaratasi tu njo hana."

Ofisi ya pili: ndivyo tunavyomwita mwanamke wa pembeni. Wa betri alicheka mpaka akapiga meza. Nami nilicheka, kwa kuchelewa, jinsi mtu anavyocheka anapokanyagwa na mtu mzima.

"Nipe basi deziemu biro," nilisema.

Wakati anatafuta kwenye maboksi aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Sisi tuliotoka mashariki tunaulizana hivyo, tukikutana mbali na kwetu. Nilimwambia baba alikuwa na kamio, yaani lori, nikamwambia njia aliyokuwa anakwenda. Mikono yake ikatoka kwenye boksi mitupu.

"Ule wa kamio ya buluu? Wa Dilolo? Uko mutoto yake?" Akamwita wa betri kana kwamba yuko mbali. "Baba ya huyu, nilikwamaka Mutshatsha na mzigo, mvua, njaa, sina hata ndururu. Akanipandisha. Akanilisha mu njia. Nyuma nilimuletea makuta ya kulipa, akakataa! Mutu ya mukono wazi, ule. Mukono wazi kabisa."

"Mungu amurehemu," alisema wa betri.

"Amin. Mwanangu, juu ya baba yako nakupunguzia."

Akapunguza. Nikapokea. Nilisimama pale na wino wa kumwandika baba, uliopunguzwa bei kwa ajili ya wema wa baba. Mkono wazi. Nilijua kitu kimoja ambacho mkono ule ulikitoa, na kwa nani, na nyumba ipi ilibaki haina.

Mashine iliikataa ile kartushi. Niliipachika, ikaguguna kidogo, kisha kioo chake kikaandika kwa Kifaransa kwamba haitambui kilichowekwa. Nilitoa, nikarudisha. Haitambui. Niliziweka kartushi mbili mezani, ile ya zamani iliyokauka na hii mpya, nikazigeuza. Sura zao zilikuwa moja. Tofauti ilikuwa kibandiko kimoja kwenye ile ya zamani, kisichozidi ukucha, chenye vistari vinavyong'aa, kama kile cha kadi ya simu. Niliinama nikakitazama. Kilikuwa shaba.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo sijaimaliza mpaka leo. Mji wetu umechimbwa mpaka nyumba zinaogopa. Ukilala unasikia malori, ukifungua dirisha unameza barabara, ukifua nguo nyeupe inakuwa ya udongo kabla ya kukauka. Shaba inapita mbele ya mlango wetu kwa malori yaliyofunikwa maturubai, inakwenda mpaka na bandari tusizozijua. Na kitakachorudi, kama kitarudi, ni ukucha wa shaba ulioajiriwa kama mlinzi wa geti kutuambia hapana. Wewe hatukutambui.

Nilimweleza mama kwamba kitu kinaingia vizuri lakini mashine haikitaki. Hiyo aliielewa bila kueleweshwa.

"Kama kaneti," alisema. Kaneti ni kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini ya sindano. "Kaneti ya mashini ingine inaingia. Lakini inakula uzi, na nguo inakuwa mbaya. Nilijaribuka."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kumsikia akitaja kiungo chochote cha cherehani. Nilidhani ni dalili njema. Nilidhani ile sura ilikuwa inafunguka ndani yake kabla hata sijaitosha.

Nilirudi kwa mzee wa kofia. Alitukana mashine yangu, akawatukana walioitengeneza na mama zao, kisha akanionyesha kwa wembe jinsi ya kubandua kibandiko cha kartushi ya zamani na kukigandisha kwenye mpya.

"Unaivalisha jina ya marehemu," alisema. "Itapita."

"Na wino wake, tata, ni muzuri?"

"Wino iko wino, mwanangu."

Ilipita. Mashine ilimeza karatasi, ikalia, ikatosha ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeweka herufi kubwa hivi kwamba sentensi moja ya baba ilijaza nusu ya karatasi. Rangi haikuwa nyeusi. Ilikuwa kama jivu lililomwagiwa maji, na buluu kidogo pembeni. Nilinenepesha herufi, nikatosha upya. Ikakaribia nyeusi. Nikaendelea, ukurasa baada ya ukurasa, na mashine ikapiga kelele zake, krrr, kimya, krrr, mpaka jirani yetu mama mmoja akapaza sauti juu ya ukuta.

"Mama we! Nasikia mashini! Fundi alishairudisha?"

Mama alikuwa uani anaanua nguo. Baadaye nilikaa nikijiuliza kama yule jirani aliuliza kwa moyo safi au alikuwa anachokoza. Sikupata jibu.

"Bado," mama alimjibu. "Ile ni ya mutoto."

"Fundi gani huyu, jamani! Amekula mashini?"

"Anakawia tu."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Nilimwekea kiti dirishani. Ilikuwa kiangazi, jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba, na vumbi lilielea ndani yake. Nilimpa karatasi zote, nikatoka uani nisimtazame akisoma. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa na umri wa kuandika riwaya na nilikuwa kama mtoto anayesubiri daftari lirudi na alama. Nilifikiri atalia. Nilifikiri ataniita aniambie kwamba hatimaye kuna mtu aliyeiona ile Ijumaa. Nilishaandaa hata jinsi ya kumshika mkono.

Alichukua muda mrefu. Kisha akaniita, kwa sauti ya kawaida, kama ya kuomba maji.

"Hii ni nini?"

"Ile sura, mama. Ulisema nikutoshee."

"Nilisema uitoshe."

"Njo nimeitosha."

"Apana." Alizipiga karatasi kidogo kwa kiganja. "Uitoshe. Uitoshe mu kitabu."

Nilisimama pale mlangoni na neno langu. Neno lilelile, halikuwa limebadilika hata herufi. Nilikuwa nimezunguka mji mzima kutafuta wino wa kutoa nje kitu alichoniomba nikitoe kisionekane.

"Mama, nilifikiri unataka kusoma."

"Nisome nini? Mi nilikuwako." Alitafuta ukurasa fulani, akausogeza puani, akauinamisha kwenye jua. "Tena umeandika vibaya. Umeandika alikata uzi na makasi."

"Ulinambia meno. Mwenzangu mumoja Lubumbashi alisoma akasema meno inazidi, batu hawataamini."

"Ilikuwa meno. Makasi alikuwa ameisha kuibeba mu kamio."

Akaendelea, bila kupandisha sauti.

"Alikuwa na haki ya bibi wa pili. Mashini aikukuwa haki yake. Mungu anaijua, na mi naijua. Majirani, bo banajua mashini iko ku fundi."

"Mama, miaka yote hii? Nani anaamini? Hakuna fundi anayekawia vile."

"Fundi wa Dilolo anakawia," alisema mama, na akacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko machozi niliyoyategemea. Kisha akasema, "Ile siku sikulia juu majirani basisikie. Nilifunga mudomo, nikamupa chakula. Ile njo kitu moja mi nilifanya. Sasa we unabaita batu bote baingie."

Ningeweza kubishana. Nilikuwa nimejaa hoja, nilizozibeba kutoka Lubumbashi: kwamba kimya ndicho kinachowalinda wanaume wa mkono wazi, kwamba kitabu ni cha wanawake wote walionyang'anywa, kwamba jina lake halimo. Niliziona zikijipanga. Nikamtazama akipapasa pembe za karatasi ili azipange sawasawa, kama anavyopanga vipande vya kitambaa kabla ya kuviunga, na zote nikaziacha.

Usiku ule niliifungua riwaya kwenye kompyuta, nikaichagua sura yote, nikagusa kitufe. Ikatoka. Mama alikuwa ameuliza swali sahihi tangu mwanzo: kutosha kule hakukuomba wino.

Kitabu kilikwenda. Mhariri aliniandikia baadaye, kwa adabu, kwamba amependa barabara, amependa vumbi, lakini dereva wa lori amemsumbua. Kila mtu anamsifu, kila mtu amesaidiwa naye, lakini mwenyewe haonekani. Hana sura, aliandika. Nilisoma neno hilo mara nyingi. Sikumjibu alivyotaka. Nilimwambia ndivyo alivyokuwa, na kitabu kitatoka hivyo, na wa betri na mzee wa kofia nyeupe wakikisoma watamtambua mtu wao wa mkono wazi.

Zile karatasi mama hakuzichana, wala hakunirudishia. Aliziweka dirishani, akazikandamiza kwa pasi yake ya makaa, kitu pekee cha ushonaji, mbali na sindano, ambacho lori halikubeba. Kila siku jua lilipanda juu yake na kushuka. Sijui kama alikuwa anasoma nikiwa sipo. Nilizipita bila kuziangalia, jinsi unavyompita mtu uliyegombana naye.

Karibu na mvua za kwanza aliniita. Alikuwa ameshika ukurasa ule wa uzi, ameusogeza usoni mpaka unagusa pua.

"Angalia hapa. Ni macho yangu ao ni karatasi?"

Niliuchukua. Wino wa mzee wa kofia ulikuwa umeliwa na jua. Herufi zile kubwa nilizozinenepesha zilikuwa zimebaki rangi ya chai iliyomwagika na kukauka. Mahali pa makasi hapakuwa na kitu kabisa.

"Ni karatasi, mama."

"Kweli?"

"Kweli. Wino inakwenda."

Akaupokea, akapitisha kidole juu yake polepole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta mshono. Kisha akaurudisha chini ya pasi, juani.

"Basi uiache," alisema. "Inajitosha yenyewe."